Nyuzi za Machi Mkononi mwa Ginka

Watu wengi wanadhani utepe unapaa wenyewe. Wanamwona binti katikati ya zulia, mkono ameunyoosha, utepe wa mita sita unachora miduara juu ya kichwa chake, nao wanapiga makofi mpaka viganja vinawaka moto. Hakuna anayejiuliza ni nani aliyeupiga pasi. Na utepe usiopigwa pasi sawasawa haupai hata ukiupigia magoti. Unajikunja, unajinyonga, mwishowe unajifunga fundo, na fundo likishafungwa mbele ya majaji, jasho la mwaka mzima limekwenda na maji.

Katika klabu moja ya jimnastiki ya midundo pale Sofia, Bulgaria, mpiga pasi huyo aliitwa Ginka Stamenova. Umri wake sitini na mbili, mfupi, miguu imevimba, ulimi hauna breki. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa mtunza vifaa, lakini karatasi haijui kitu. Miduara ya plastiki iliyopinda aliinyoosha kwa mvuke wa birika. Virungu alivizungushia utepe wa gundi. Nywele za wasichana alizifunga nyuma kwa pini arobaini, na pini zote akizibana midomoni huku akiendelea kugomba. Mumewe alifariki mapema na mtoto hawakujaliwa. "Mimi sikuzaa," alikuwa akisema, "lakini nimefunga vichwa mia tatu, na vyote vimenipigia kelele."

Ajabu yake ilikuwa moja. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, hakuwahi kumwona msichana wake hata mmoja akishindana. Jina likitajwa tu kwenye spika, Ginka alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nyuma, amekaa kando ya ndoo na mafagio, viganja masikioni. Mlinzi wa ukumbi, mzee Zapryan, ndiye aliyesimama mlangoni na kumletea habari.

"Ameanza?"

"Yumo kati. Amerusha."

"Amedaka?"

"Dada, mlango huu hapa, uko wazi. Mimi ni mlinzi, si redio."

"Redio ina faida kuliko wewe. Amedaka?"

"Amedaka."

Ndipo alipokuwa akishusha pumzi na kuanza kutafuta viatu vyake.

Sasa, mpenzi hana kigezo, na Ginka alikuwa na kipenzi chake ingawa angeapa mbele ya ikoni zote za kanisa kwamba hana. Aliitwa Elitsa. Bibi yake alimleta kutoka Pernik akiwa na miaka sita, pengo la meno mawili mbele, na siku ya kwanza alilia mpaka akatapika katikati ya zulia. Ginka alipangusa, akamnyanyua, akamketisha juu ya meza ya pasi na kumpa kipande cha tufaha. Tangu siku hiyo meza ile ikawa kiti chake. Akishinda hukaa pale, akianguka hukaa pale, akigombana na bibi yake kwenye simu hukaa pale pale, miguu inaning'inia, na Ginka anapiga pasi kumzunguka.

Mwaka ninaousimulia Elitsa alikuwa na miaka kumi na saba, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kutoa maoni. Alijua mwenyewe kwamba msimu ule ndio wake au haupo tena. Kocha mkuu, Madam Rumyana, mwanamke mkavu ambaye hata akikusifu unahisi umekemewa, alikuwa ametangaza mwezi wa Februari bila kuzunguka. Nafasi za mashindano ya Ulaya ni mbili. Zitachukuliwa na watakaokusanya pointi nyingi zaidi katika mashindano matatu ya kimataifa ya Machi: Athens, Milano, na ya mwisho hapa hapa nyumbani, Sofia. Kalina hakuwa na mpinzani, nafasi ya kwanza ilikuwa yake hata akicheza amefumba macho. Ya pili ilibaki kati ya Elitsa na Boryana, na hao wawili walikuwa sawa kama shilingi kwa ya pili.

Ikafika tarehe mosi Machi, siku ambayo Mbulgaria asiye na uzi mkononi watu humwonea huruma, maana huenda hana mtu. Uzi wenyewe ni mwekundu na mweupe, umesokotwa pamoja, tunauita martenitsa. Hujifungi, unafungwa na anayekupenda, nao hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza akirudi kutoka kwenye nchi za joto, au mti uliochanua. Ginka alizisokota za wasichana wote mwenyewe, akawapanga foleni mbele ya meza ya pasi. Fundo alilotumia ni lile lile la kufungia tepe kwenye vijiti vyake, la mizunguko mitatu, ambalo hata kwa meno halifunguki.

"Kaza, Shangazi," Elitsa akasema zamu yake ilipofika. "Mwaka jana ulikatika, wiki ile ile nikateguka."

"Mwaka jana uliutafuna darasani, usinisingizie."

"Wewe kaza tu."

"Haya, nimekaza. Sasa uuvue kabla ya korongo, halafu uje unililie hapa."

Alisema kwa utani, kama alivyowaambia wote. Lakini wengine waliyasikia maneno yale kama utani, na Elitsa akayabeba kama wosia.

Kule Athens, nusu saa kabla ya kuitwa, Boryana alichukua mkasi wa kucha, akaukata uzi wake na kuufunga kwenye mkoba. Kalina naye vivyo hivyo. Wote wanajua sheria: kwenye zulia huingii na pambo la kuning'inia wala kamba mkononi. Elitsa hakukata. Alijifunga juu ya uzi bandeji ya rangi ya ngozi, nzuri kabisa, akaingia. Alicheza mpira, akacheza duara, hakuna aliyeona kitu. Kwenye utepe jasho likailegeza bandeji, na jaji aliyekaa pembeni akaona kitu chekundu kinachungulia. Alikatwa pointi sifuri nukta tatu. Siku ilipoisha, Boryana alikuwa mbele yake kwa sifuri nukta mbili.

Ginka aliyapata haya Jumatatu, na aliyemwambia alikuwa Boryana mwenyewe, akiwa amesimama kufungwa nywele.

"Shangazi, kulikuwa na vita kule. Madam alimwuliza mbele ya wote, nani amekufunga huu? Elitsa akajibu, nimejifunga mwenyewe."

Ginka alikuwa na pini kumi na tano midomoni.

"Madam akasema, sawa, kama umejifunga mwenyewe utajifungua mwenyewe. Alhamisi tunakwenda Milano bila wewe." Boryana akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi sitaki nafasi ya namna hiyo, Shangazi. Lakini nitasema nini?"

Siku ile Ginka aliunguza utepe, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea. Ulikuwa wa Kalina, wa waridi, ukatoboka tundu la ukubwa wa sarafu. Alibaki amesimama na pasi mkononi akinusa moshi. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na ukumbi ule ndio nyumba aliyokuwa nayo. Mtunza vifaa aliyeipotezea klabu pointi kwa mkono wake mwenyewe, nani atamwacha aendelee kushika funguo? Elitsa alikuja kukaa mezani kama kawaida, mkono mtupu, akala tufaha, akasimulia hoteli ya Athens ilivyokuwa na mende. Hakugusia uzi hata kidogo. Ginka naye akaona haya kuuliza. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote wawili walikuwa wanalijua.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumanne asubuhi, kabla wasichana hawajafika, Ginka alivaa koti lake la kanisani, akachukua funguo zote za ghala na kubisha kwenye ofisi ya kocha.

Madam Rumyana hakuinua kichwa. "Funguo za nini hizo, Bi Stamenova?"

"Za ghala. Uzi nilimfunga mimi."

"Najua."

"Na nilimwambia akiuvua asije kunililia."

Hapo Madam akaiweka kalamu chini. "Hilo nilikuwa silijui."

"Basi sasa unalijua. Mtoto hana kosa, ni mdomo wangu. Mpeleke Milano. Mimi naweza kwenda kulea paka."

"Huna paka."

"Nitatafuta."

Madam alimtazama. Naye alikuwa mtoto wa ukumbi ule. Aliingia na miaka tisa, na kwa miaka mingi kichwa chake kilikuwa miongoni mwa vile mia tatu. "Uzi ule niliukata kwa mkasi mimi mwenyewe, Shangazi," akasema, na hilo "Shangazi" lilikuwa halijasikika humo ofisini tangu alipopewa ukocha. "Nilijaribu kwanza kuufungua kwa kucha. Fundo hilo limenihangaisha tangu utotoni, Sofia nzima hakuna mwingine anayelifunga. Mtoto ananidanganya na ushahidi ninao mkononi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aje. Nilidhani atakuja yeye." Kisha akapandisha mkono wa sweta lake. Chini ya saa kulikuwa na uzi mwekundu na mweupe, umelegea, ncha zimechakaa. "Huu nimejifunga mimi, ndiyo maana uko hivi. Mwaka wa nane huu hunifungi tena."

"Ulishakuwa bosi."

"Bosi hana mkono?"

Ginka akaweka funguo mezani, akaufunga upya. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyaficha.

"Elitsa atakwenda Milano," Madam akasema, akishusha sweta, na sauti ikarudi kuwa kavu. "Lakini nisikilize vizuri. Uzi zuliani sitaki kuuona tena. Na mtoto kumvua uzi wake kabla ya korongo mara ya pili pia siwezi, nitalalaje? Kwa hiyo hapa nyumbani utawafunga upya, fundo la kamba ya kiatu, la kuvutwa likafunguka. Anayeitwa atavua wake akufunge wewe. Akirudi unamrudishia."

"Si utakuwa umevuliwa?"

"Haujavuliwa, umehamia kwa jirani. Na wewe utakaa kiti cha pembeni ya zulia, nikuone. Hakuna ngazi."

"Rumyana, mwanangu, moyo wangu mimi..."

"Moyo wako utavumilia. Chukua funguo zako."

Milano walikwenda na wakarudi. Zapryan alifuatilia kwenye simu, naye Ginka alikuwa kwenye ngazi zake kama ada, ingawa mashindano yenyewe yalikuwa nchi nyingine. Elitsa alicheza vizuri kuliko Boryana, akapunguza deni lake la pointi mpaka ikabaki sifuri nukta sifuri tano. Nywele moja, yaani. Kila kitu kikabaki kwa Sofia, Jumamosi ya mwisho ya Machi.

Majira yale ya kuchipua yalichelewa. Korongo walikuwa hawajaonekana, na mti wa plamu nje ya ukumbi ulikuwa mkavu kama ufagio. Asubuhi ya siku yenyewe Ginka alipiga pasi tepe kwa kitambaa chenye unyevu, akiupima kila mmoja kwa shavu kama joto la mtoto. Akafika kwenye utepe wa Boryana. Ulikuwa wa samawati, hariri nzuri, na karibu na ncha palikuwa na mkunjo mdogo, wa ukubwa wa ukucha. Mkunjo kama ule hakuna angeuona. Na mkunjo kama ule unaweza kuwa fundo. Ginka aliusimamia na pasi mkononi kwa muda ambao si mrefu, lakini ulimtosha kujijua. Kisha akaupiga pasi utepe mzima, mita zote sita, halafu akarudia tena kutoka mwanzo kwa kujiogopa.

Mchana ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi zake za nyuma, kwa hiyo hata angetaka kukimbia asingepata pa kukaa. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, ndani ya koti la kanisani, mkono wa kushoto wa koti umekunjwa juu. Kalina akaja, akavua uzi, akamfunga. Wadogo wawili wa klabu nao wakaja. Waitaliano walioketi karibu walitazama ule mkono wakadhani ni dawa ya baridi yabisi.

Kwenye vifaa vya kwanza Boryana alizidi kumwacha Elitsa kidogo kidogo. Ukafika utepe, kifaa cha mwisho. Zapryan alizima mitambo ya hewa, kama inavyopasa, maana upepo hauna urafiki na utepe, na joto likapanda. Boryana alifunga uzi wake kwenye mkono wa Ginka, akaingia, akacheza bila kosa hata moja. Ginka alitazama kati ya vidole. Utepe wa samawati ulikwenda laini mpaka ncha, naye moyoni akafurahi na kuumia kwa pamoja, wala hakujua kipi kimezidi.

"Shangazi," Elitsa akasema, ameinama mbele yake. Vidole vyake vilikuwa baridi alipofunga. "Usifumbe macho. Nataka kuwe na mtu anayetazama."

"Nenda. Natazama."

Na akatazama. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepiga pasi utepe wa mtoto huyu na hakujua hata siku moja unakwenda wapi. Sasa aliona. Ulipanda juu ya taa, ukashuka, ukamzunguka Elitsa kiunoni bila kumgusa, ukaandika na kufuta, na mtoto aliyetapika zuliani alikuwa chini yake, mrefu, ametulia, mkono unajua kila kitu. Alipourusha mara ya mwisho akageuka, akadaka, na goti la kushoto likamlazimisha kupiga hatua moja ndogo. Hatua moja tu. Ukumbi mzima ulisimama. Ginka alijikuta amesimama yeye pia, analia, mkono wa kushoto ameuinua na nyuzi zote tano.

Pointi za utepe wake zilikuwa za juu kuliko zote alizopata maishani, za juu kuliko za Boryana. Kisha bango likajumlisha mashindano yote matatu. Boryana alikuwa mbele kwa sifuri nukta moja tano.

Kila mtu wa klabu alijua hesabu. Ukichukua ile sifuri nukta tatu ya Athens ukairudisha, mambo yanageuka. Boryana alimkumbatia Elitsa kwa muda mrefu, na wote wawili walilia kwa sababu tofauti. Kalina akachukua uzi wake kwa Ginka bila kumtazama usoni. Boryana akachukua wake. Wadogo wakachukua zao. Ukabaki mmoja.

Elitsa alikuja mwisho, koti la mazoezi begani, utepe ameukunja ovyo kwapani.

"Nipe wangu, Shangazi."

"Ni uzi huu, mwanangu." Ginka aliufunika kwa kiganja. "Kama nisingekufunga..."

"Shangazi, nimefaulu hesabu mimi. Boryana si ulimfunga pia? Akakata. Kalina akakata. Aliyekataa ni mimi."

"Kwa mdomo wangu."

"Si kwa mdomo wako. Nilikuwa nao mkononi kule, nikautazama, nikaona nikiukata nitakuwa peke yangu zuliani." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Nifunge. Korongo bado."

Ginka akauvuta uzi mkononi mwake, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa binti. Vidole vilivyofunga vichwa mia tatu vilikataa. Alijaribu la kamba ya kiatu likaponyoka. Akajaribu tena, likaponyoka tena, na machozi hayakumwacha aone.

"Lete," Elitsa akasema.

Alishika ncha moja kwa meno na nyingine kwa vidole. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakaza mpaka ngozi ikabonyea. Lilikuwa fundo la Ginka lenyewe, lile lisilofunguka. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alijifunza kwa kutazama, miaka yote ile aliyokaa juu ya meza ya pasi.

Madam Rumyana alikuwa anapita na karatasi za matokeo. Akasimama, macho yakaangukia mkononi.

"Nani amekufunga huo?"

"Nimejifunga mwenyewe, Madam."

Madam aliliinamia lile fundo, akalikagua pande zote mbili. Kisha akamtazama Ginka.

"Pointi zako zimekuingiza fainali ya utepe, kesho saa nane," akasema. "Uzi huo utauhamishaje?"

"Labda korongo atapita asubuhi."

"Na asipopita?"

Ginka alikuwa ameshauchukua utepe kutoka kwapani mwa Elitsa na anaukunjua, akitafuta mikunjo. "Asipopita utakatwa kwa mkasi, nami nitaufunga tena akitoka," akasema. "Nitakuwa pale pale kwenye kiti. Haya, tokeni njiani, nina kazi." Akaelekea kwenye meza ya pasi, na Elitsa akamfuata kwenda kukaa.